Walt Disney hakuchora kwa ajili ya watoto peke yao

BASI lilikuwa limeiacha Masaka likielekea Mutukula pale kondakta alipoweka filamu ya katuni kwenye luninga iliyoning'inia nyuma ya dereva. Alituambia anawawekea watoto wasisumbue. Watoto ndani ya basi walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa wamelala. Sisi wengine tulikuwa watu wazima: akina mama wenye marobota ya vitenge, vijana wa spea za pikipiki, na mzee mmoja aliyekuwa akirudi Bukoba.

Filamu yenyewe ilikuwa The Lion King. Ilipofika pale Mufasa anapotupwa na ndugu yake katikati ya kundi la nyumbu, na mwanawe Simba anajaribu kumwamsha baba ambaye haamki, simu zote zilikuwa zimenyamaza. Mama aliyekaa mbele yangu alijifuta macho kwa pindo la kitenge, kisha akatazama dirishani kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Katuni ni za watoto tu, au na sisi wakubwa tumo? Mtu aliyestahili kujibu alifariki dunia mwaka 1966, miaka 28 kabla ya filamu hiyo kutoka. Jina lake mnalijua, kwa sababu lipo kwenye mabegi ya shule, fulana, chupa za maji na madaftari ambayo baadhi yenu mnayavusha mpakani kila wiki. Ni Walt Disney. Maisha yake yanalijibu swali hilo kwa namna ambayo wengi hawaitarajii, na ndani yake mna mambo mawili matatu ambayo mfanyabiashara yeyote atayatambua.

Alizaliwa Chicago, Marekani, Desemba 5, 1901, mtoto wa nne wa Elias na Flora Disney. Baba alikuwa mtu wa kuhamahama akitafuta riziki. Mwaka 1906 aliihamishia familia kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Marceline, jimbo la Missouri, na huko ndiko Walt alikojifunza kuchora wanyama. Shamba halikulipa. Mwaka 1911 wakahamia Kansas City, baba akanunua njia ya kusambaza magazeti, na vibarua wake wakuu wakawa wanawe, Walt na kaka yake Roy. Kwa takriban miaka sita Walt aliamka kabla ya alfajiri kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba, wakati wa baridi akipita kwenye theluji, kisha akaenda shule akisinzia darasani. Alipokuwa mtu mzima mwenye mali bado aliota usiku kwamba amesahau kupeleka gazeti kwa mteja fulani.

Mwaka 1918 alidanganya umri wake ili akubaliwe Msalaba Mwekundu. Alifika Ufaransa vita vikiwa vimekwisha, akaendesha magari ya wagonjwa kwa miezi kadhaa na kurudi nyumbani akiwa ameamua kuishi kwa kuchora.

Kampuni yake ya kwanza ya katuni, Laugh-O-Gram, aliifungua Kansas City mwaka 1922 na kufikia mwaka uliofuata ilikuwa imefilisika. Inasimuliwa kwamba daktari mmoja wa meno alimpigia simu aende kuchukua kazi ya filamu kuhusu usafi wa meno, Walt akashindwa kwenda kwa sababu viatu vyake pekee vilikuwa kwa fundi na hakuwa na dola moja na nusu ya kuvikomboa. Daktari akalipia viatu. Majira ya joto ya mwaka 1923 Walt aliuza kamera yake, akapanda treni kwenda California akiwa na dola 40 hivi mfukoni, na tiketi aliyokata ilikuwa ya daraja la kwanza. Oktoba mwaka huohuo yeye na Roy wakapata mkataba wao wa kwanza wa filamu fupi na msambazaji wa New York. Roy alishika hesabu, Walt akashika michoro na ndoto. Mgawanyo huo haukubadilika hadi kifo.

Kisha likaja somo ambalo halikumtoka. Mwaka 1927 studio yake ilibuni sungura aitwaye Oswald, naye akapendwa haraka. Februari 1928 Walt alikwenda New York kumwomba msambazaji, Charles Mintz, amwongezee malipo kutoka dola 2,250 kwa kila filamu hadi 2,500. Mintz akamwambia atamlipa 1,800. Akamweleza pia kwamba wachoraji wake wengi wameshatia saini kufanya kazi upande wa pili, na kwamba Oswald si mali ya Walt, kwani mkataba ulimpa kampuni ya Universal haki zote. Aliyembuni sungura akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa wanaopenda mabadilishano ya mali kwa mali, niongeze hili. Oswald alirudi kwa kampuni ya Disney mwaka 2006, miaka 78 baadaye. Alibadilishwa na mtangazaji maarufu wa mpira wa Marekani, ambaye kampuni hiyo ilimruhusu ahamie televisheni nyingine. Sungura wa kuchorwa akabadilishwa na binadamu mwenye mshahara.

Badala ya sungura akaja panya. Mickey Mouse, aliyebuniwa na Walt pamoja na mchoraji wake hodari Ub Iwerks, alionekana na umma wa New York Novemba 18, 1928 katika filamu fupi ya Steamboat Willie, iliyokuwa na sauti iliyooanishwa na mwendo wa picha. Sauti ya panya aliitoa Walt mwenyewe kwa miaka mingi. Safari hii haki zote zilibaki nyumbani.

Mickey alitazamwa na nani? Siku zile katuni fupi ilionyeshwa kwenye ukumbi wa sinema kabla ya filamu kubwa, na ukumbi ulijaa watu wazima waliotoka kazini. Hakukuwa na katuni ya watoto na katuni ya wakubwa. Mwongozaji mkubwa wa filamu wa Urusi, Sergei Eisenstein, alizisoma kazi za Disney kwa makini na kuandika juu yake. Mwaka 1932 filamu fupi ya Flowers and Trees, ya kwanza ya katuni kutengenezwa kwa mfumo wa rangi kamili wa Technicolor, ilipata Oscar.

Upande wa biashara, mwaka huohuo wa 1932 akina Disney walimpa mfanyabiashara Kay Kamen kazi ya kuuza leseni za picha ya Mickey. Saa ya mkononi yenye Mickey, mikono yake ikionyesha saa na dakika, iliingia madukani mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, nayo ikauzwa kwa wingi. Naamini hapo ndipo lilipoanzia wazo kwamba panya huyu ni wa watoto. Kwenye sinema mzazi alicheka kwa ajili yake mwenyewe. Dukani alitoa fedha kwa sababu mtoto anamvuta nguo.

Mwaka 1934 Walt aliwaita wachoraji wake jioni moja na kuwaigizia, peke yake, hadithi nzima ya Snow White: malkia mwenye wivu, binti aliyekimbilia msituni, wale watu wafupi saba, tufaha lenye sumu. Akawaambia wataifanya filamu ndefu. Katuni za wakati huo zilikuwa za dakika saba au nane, naye alitaka ya zaidi ya saa nzima. Mke wake Lillian na kaka yake Roy walijaribu kumzuia. Hollywood waliita mradi huo upuuzi wa Disney. Hoja yao ilikuwa ileile ya kondakta wetu, kwamba hakuna mtu mzima atakayekaa dakika 80 kutazama michoro.

Bajeti ya kwanza ilikuwa dola 250,000 hivi. Mwisho ilikaribia milioni moja na nusu. Fedha zilipokauka, ilibidi Walt amwonyeshe ofisa wa benki, Joseph Rosenberg wa Bank of America, vipande vya filamu ambayo haijakamilika, yeye mwenyewe akiigiza kwa mdomo sehemu zilizokosekana. Rosenberg alitazama bila kuonyesha dalili yoyote usoni. Walitoka nje wakizungumza mambo mengine kabisa, hadi alipofika kwenye gari lake ndipo akamwambia Walt kwamba kitu kile kitaleta fedha nyingi. Kila aliyewahi kuomba mkopo anaijua safari hiyo ya kutoka ofisini hadi kwenye gari.

Filamu ilizinduliwa Los Angeles Desemba 21, 1937, katika ukumbi wa Carthay Circle. Waalikwa walikuwa mastaa na matajiri wa Hollywood, watu wazima tena wagumu kufurahishwa. Wale watu wafupi walipolia wakiuzunguka mwili wa Snow White, ukumbini nako vilio vilisikika. Katika mzunguko wake wa kwanza filamu iliingiza takriban dola milioni nane.

Na Uingereza ikafanya jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hoja zote za wahakiki. Mwaka 1938 bodi ya ukaguzi wa filamu ya huko iliipa Snow White daraja la A, maana yake mtoto wa chini ya miaka 16 hawezi kuitazama bila kuwa na mtu mzima. Waliona mchawi na ule msitu vinatisha mno. Filamu ambayo leo tunawawekea watoto ili tupate nafasi ya kupika, wakaguzi wa enzi hizo walitaka mzazi akae pembeni.

Naona wakaguzi wale walikuwa karibu na ukweli kuliko sisi, ingawa kwa sababu nyingine. Filamu za Walt za miaka iliyofuata zimejaa mambo ambayo mtoto huyaona lakini mtu mzima ndiye huyaelewa. Pinocchio ya mwaka 1940 ina baba mzee anayeingia hadi tumboni mwa nyangumi akimtafuta mwanawe, na ina wavulana wanaodanganywa kwa starehe, wakageuzwa punda na kuuzwa. Dumbo ya mwaka 1941 ina mama anayefungwa minyororo kwa sababu ya kumtetea mtoto wake. Bambi ya mwaka 1942 ina mlio wa bunduki ambao mama hakurudi baada yake, na wawindaji wa Marekani walikasirika wakisema filamu inawapaka matope.

Walt aliujua msiba wa namna hiyo. Fedha za Snow White zilipoingia, yeye na Roy waliwanunulia wazazi wao nyumba karibu nao, California. Novemba 1938 mtambo wa kupasha nyumba joto ulivujisha gesi, mama yao Flora akafa. Baba aliokolewa. Walioishi naye wanaeleza kwamba Walt hakupenda kabisa kulizungumzia jambo hilo. Sitasema kwamba mama wa Bambi ni Flora, maana hadithi ya Bambi ilitoka kwenye kitabu kilichokuwapo tayari. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa akiikagua michoro ile miaka ile hakuwa mtu anayedhani anatengeneza pipi.

Mtihani wake mkubwa wa kuwapata wakubwa ulikuwa Fantasia, Novemba 1940: muziki wa akina Bach na Beethoven ukichorewa picha, bila hadithi moja inayoshika filamu nzima. Ulikuwa mradi wa gharama, ukihitaji hata vifaa maalumu vya sauti ukumbini. Ulaya ilikuwa vitani, soko la huko limefungwa, na fedha hazikurudi. Mwaka 1941 wafanyakazi wake wakagoma wakidai chama na malipo ya haki. Hapa Walt hakuwa shujaa. Aliwaona wagomaji kama wasaliti, na mwaka 1947, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti, aliwataja kwa majina baadhi ya watu waliohusika na mgomo ule. Kuna walioumia kwa ushahidi wa namna hiyo.

Vita vilimfanya awachoree watu wazima waziwazi. Jeshi lilimwagiza filamu za mafunzo. Wizara ya fedha ilimwagiza filamu ya kuwashawishi wananchi walipe kodi ya mapato, na mwaka 1942 bata Donald akaonekana akijaza fomu ya kodi hatua kwa hatua (likazuka zogo bungeni kuhusu malipo ya Disney kwa kazi hiyo). Mwaka 1943 studio ilitoa The Winged Scourge, filamu fupi kuhusu malaria, ambamo wale watu wafupi saba wa Snow White wanafukia madimbwi na kuziba madirisha kwa wavu. Ilikusudiwa Amerika ya Kusini. Mbu wake lakini ni yule yule wa Busia na Kasumbalesa, na sijui ni mtoto gani anayetegemewa kufukia madimbwi.

Mwaka 1946 alitoa Song of the South, mchanganyiko wa waigizaji na katuni, iliyojengwa juu ya ngano za sungura mjanja zilizosimuliwa na Wamarekani weusi waliokuwa watumwa. Ngano hizo zina ndugu zake huku kwetu, kwani sungura anayemshinda fisi kwa akili tunamjua sote. Filamu iliwaonyesha watu weusi kama wenye furaha mashambani mwa mabwana zao, na chama cha kutetea haki zao, NAACP, kikaipinga. James Baskett, mwigizaji mweusi aliyebeba filamu hiyo, hakuweza hata kuhudhuria uzinduzi wake Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Kampuni yenyewe haikuwahi kuitoa kwa kuuzwa majumbani huko Marekani. Kama ingekuwa kweli kwamba katuni ni mchezo wa watoto, isingelikuwa na nguvu ya kuumiza watu namna hiyo.

Cinderella ya mwaka 1950 iliiokoa studio na madeni. Baada ya hapo Walt alianza kuvutwa na mambo mengine. Aliwatuma wapiga picha duniani kote kurekodi wanyama, na The African Lion ya mwaka 1955 ilipigwa na mume na mke, Alfred na Elma Milotte, waliokaa Afrika Mashariki muda mrefu wakimsubiri simba mbele ya kamera. Kwa hiyo simba wetu alifika kwa Disney miaka 39 kabla ya Simba.

Mwaka huohuo, Julai 17, 1955, alifungua Disneyland huko Anaheim, California. Wazo hilo alilieleza mara nyingi. Mwishoni mwa wiki aliwapeleka binti zake, Diane na Sharon, kwenye bembea za Griffith Park. Watoto walizunguka juu ya farasi wa mbao, naye akakaa kwenye benchi akitafuna karanga. Aliona kwamba pale mtoto anacheza na mzazi anasubiri, akataka pawepo mahali ambapo wote wawili wanacheza. Mimi hapo ndipo ninapoliona jibu lake. Hakuwa akigawa watu kwa umri. Alikuwa akimwondoa mzazi kwenye benchi.

Mambo hayakubaki hivyo, na lawama nyingine ni zake. Kipindi chake cha televisheni kilichoanza mwaka 1954 na kile cha Mickey Mouse Club cha mwaka uliofuata vililiingiza jina lake sebuleni saa za watoto, pamoja na kofia na vinyago vya kuuza. Kampuni nyingine nazo zikajaza televisheni za Marekani katuni za bei nafuu za Jumamosi asubuhi. Kufikia miaka ya 1960 neno Disney lilikuwa na maana ya kitu kisicho na makali. Mkwewe, Ron Miller, alikuja kusimulia kwamba walipoitazama To Kill a Mockingbird, filamu ya mwaka 1962 kuhusu wakili anayemtetea mtu mweusi aliyesingiziwa, Walt alisikitika kuwa filamu ya aina ile ndiyo angependa kutengeneza. Mtu ambaye kampuni yake ilimiliki kila alama iliyouza, akajikuta amefungwa na alama yake mwenyewe.

Alifariki Desemba 15, 1966, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 65 na sigara za miaka mingi nyuma yake. Alikuwa amepata tuzo 26 za Oscar, zikiwamo za heshima, kuliko mtu mwingine yeyote. Zile habari kwamba mwili wake umegandishwa kwenye barafu si za kweli. Ulichomwa na majivu kuzikwa Glendale, California. The Jungle Book, katuni ndefu ya mwisho aliyoisimamia, ilitoka mwaka uliofuata bila yeye.

Kampuni iliendelea na tabia aliyoirithi kwa sababu ya Oswald: kuandikisha kila kitu. Maneno hakuna matata, ambayo wimbo wake ndani ya The Lion King uliyapeleka dunia nzima, yalisajiliwa kwa jina la Disney nchini Marekani mwaka 2003 kama alama ya biashara ya nguo, na mwaka 2018 Waafrika wengi walilalamika waliposikia. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka. Mickey wa kwanza kabisa, yule wa Steamboat Willie, hatimiliki yake ya Marekani ilikwisha Januari 1, 2024, lakini Mickey wa kisasa na alama za biashara bado zina mwenyewe. Anayepakia mabegi yenye picha hizo ajue hivyo kabla ya kufika kwenye meza ya forodha.

Siku ile tulifika Mutukula filamu haijaisha. Simba alikuwa amerudi nyumbani na mvua ilikuwa haijanyesha. Kondakta alizima luninga ili watu washuke wakagonge mihuri. Tuliporudi kwenye viti, upande wa Tanzania, aliyemwomba airudishe pale ilipoishia alikuwa yule mzee wa Bukoba.